Dai lako la ulemavu limerudishwa kwa daktari: la kufanya tangu siku ya barua hadi uamuzi mpya

Barua ilipofika, mke wangu ndiye aliyeifungua. Mimi nilikuwa kazini, chini ya gari la watu. Akanipigia simu kwa sauti ya chini, kama anayeficha jambo watoto wasisikie: "Baba Amina, hapa wameandika remand. Wanakupeleka rumande?" Sisi wa Kilifi neno hilo tunalijua kwa maana moja tu. Nilicheka. Nilipofika nyumbani nikaisoma mwenyewe, kicheko kikakatika, maana sikuelewa kama nimeshinda au nimeshindwa.

Hujashinda na hujashindwa. Ukilikuta neno hilo kwenye uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Maveterani kule Washington, maana yake jaji amelifungua jalada lako, akaona kazi haikufanywa sawasawa, mara nyingi kwa upande wa daktari, akalirudisha VA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia maveterani, wakaimalize. Nawaandikia wenzangu tuliovaa gwanda za Marekani tukitokea Kenya, Tanzania, Congo na kwingineko. Baadhi yetu tuliingia kwa mlango wa MAVNI, ule mpango ulioanzishwa 2008 na kufungwa 2016, uliokuwa ukitafuta wageni wenye lugha, Kiswahili kikiwamo. Wengine walikuja na grini kadi zao. Mimi si wakili. Ni fundi wa magari aliyewahi kurudishiwa dai, na tangu hapo nimekaa na wenzangu kadhaa mezani kwao tukizisoma barua zao mstari kwa mstari.

Hatua ya 1: Jua ni kipande kipi kilichorudishwa

Barua moja ya Bodi inaweza kubeba majibu matatu. Yangu ilikuwa hivyo: mlio wa masikioni umekubaliwa, mgongo umekataliwa, goti la kulia limerudishwa. Kila kimoja kina njia yake na saa yake.

Kilichokubaliwa kinakwenda kupangiwa asilimia ya ulemavu na malipo. Kilichorudishwa huwezi kukikatia rufaa, maana hakijaamuliwa. Hatari iko kwenye kilichokataliwa. Hicho una siku 120 za kukipeleka Mahakama ya Rufaa za Madai ya Maveterani, zikihesabiwa tangu tarehe iliyogongwa kwenye uamuzi, au una mwaka mmoja wa kupeleka dai la nyongeza kwa fomu 20-0995 ukiwa na ushahidi mpya. Namjua mtu aliyesoma kwamba goti limerudishwa, akadhani barua nzima imerudishwa, akakaa kusubiri. Alipozinduka siku 120 zilikuwa zimeshayoyoma.

Angalia pia uamuzi uliokatia rufaa ulitoka lini. Ukiwa ni wa tarehe 19 Februari 2019 au baada ya hapo, uko kwenye mfumo mpya wa rufaa; ukiwa wa kabla ya hapo, uko kwenye wa zamani. Liandike hilo juu ya bahasha ya barua, utalihitaji mwishoni. Na kama hukwenda Bodi kabisa, bali uliomba mkaguzi wa ngazi ya juu akaona VA haikutimiza wajibu wake wa kukusaidia kukusanya ushahidi, hatua zinazofuata zinakuhusu vilevile.

Hatua ya 2: Yasome maagizo ya jaji kama mtihani uliovuja

Kwetu mtihani ukivuja watu wanakamatwa. Huu umevuja kihalali, tena umeletewa mlangoni na posta. Nenda mwisho wa barua, penye maagizo yenye namba. Jaji ameandika pale, neno kwa neno, maswali ambayo daktari mpya lazima ayajibu. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunasoma ukurasa wa kwanza, tunavunjika moyo, tunaitia barua kwenye droo, halafu tunaingia kwa daktari bila kujua ameulizwa nini.

Chukua wangu. Daktari wa kwanza, ambaye nilikaa naye dakika zisizofika 15, aliandika kwamba goti langu halihusiani na jeshi kwa sababu rekodi za kliniki za kikosini hazioneshi kwamba nilitibiwa. Ni kweli hazioneshi. Nilianguka kutoka nyuma ya lori usiku tukipakia mzigo, sajini akanipa vidonge viwili, kesho yake nikawa kwenye mstari kama wengine. Nani alikwenda kliniki kwa goti? Jaji akaandika kwamba jibu la daktari halitoshi, kwa kuwa nilishaeleza kwa kiapo jinsi nilivyoanguka na jinsi goti lilivyoniuma tangu siku ile. Sheria iko wazi hapo: katika kesi ya Buchanan dhidi ya Nicholson ya 2006, mahakama ilisema maneno ya askari hayatupwi kwa sababu tu hakuna karatasi ya hospitali ya wakati ule. Agizo la jaji likawa: daktari ayachukulie maelezo yangu, kisha aseme kama kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kwamba goti lilianza kuharibika jeshini.

Hiyo nusu kwa nusu ishike sana. Hapa hutakiwi kuthibitisha bila shaka yoyote, kama kwenye kesi ya mauaji. Mizani ikikaa sawa, sheria inakupa wewe ushindi.

Kuna sababu nyingine ninazozikuta mara kwa mara. Moja ni ya kiungo cha pili. Tuseme goti la kushoto limeanza kuuma kwa kubeba kazi ya la kulia. Sheria inauliza maswali mawili: la kulia ndilo lililosababisha? Na kama halikusababisha, je, limelizidisha? Madaktari wengi hujibu la kwanza wakaishia hapo. Nyingine inawahusu waliopita Djibouti, Somalia, Afghanistan na nchi nyingine zilizotajwa kwenye sheria ya PACT iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022. Kama kikosini mlivuta moshi wa mashimo ya kuchomea takataka, daktari alipaswa kuulizwa kuhusu sumu hizo zote kwa pamoja, na ofisi ikisahau kumuuliza, jalada linarudi.

Andika maswali ya jaji kwa lugha yako, kwenye karatasi moja. Mimi niliyaandika kwa Kiswahili na kuyabandika kwenye friji.

Hatua ya 3: Wakupate wakikutafuta

Siku hizi uchunguzi mwingi haufanywi na VA yenyewe bali na kampuni zenye kandarasi. Watakupigia kwa namba usiyoijua, na barua yao inafanana na matangazo ya bima. Kwa miezi hiyo pokea kila simu, fungua kila bahasha, sikiliza kila ujumbe. Kama umehama nyumba au umebadilisha laini, piga 1-800-827-1000 warekebishe anwani, kisha ingia VA.gov uhakikishe mwenyewe.

Sasa lile la Desemba. Tunafunga safari kwenda nyumbani wiki sita, na barua ya miadi inafika tukiwa kwenye basi la Mombasa. Usipofika kwa daktari bila sababu ya msingi, dai la kwanza la fidia litaamuliwa kwa karatasi zilizomo jaladani, na dai la kuongezewa asilimia litakataliwa papo hapo. Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, waarifu kwa maandishi tarehe za kuondoka na kurudi. Ugonjwa, kulazwa, na msiba wa mtu wa karibu katika familia vinahesabiwa kuwa sababu za msingi. Ukifiwa na ami aliyekulea, usiandike "uncle" tu, neno la Kiingereza linalobeba mjomba na ami kwa pamoja. Eleza kwamba ndiye aliyekuwa baba yako wa kukulea, maana wao wanaihesabu familia tofauti na sisi.

Aliyerudi kuishi nyumbani moja kwa moja hapotezi fidia kwa sababu hiyo. Ila anwani yake iwe sahihi zaidi ya ya mtu yeyote, nao waambiwe mapema ni mji gani anaweza kufika kwa daktari.

Hatua ya 4: Peleka ushahidi kabla ya miadi, usipeleke baada

Jalada likirudishwa huwa limefunguka tena, unaweza kuongeza vitu kabla ya uamuzi mpya. Lakini daktari anasoma kilichomo siku anayokuona, basi vitangulie.

Nguvu kubwa iko kwenye maelezo ya watu wanaokuona, yanayoandikwa kwenye fomu 21-10210. Mshahidi asijaribu kuwa daktari. Aseme alichokiona. Mke wangu alitaka kuandika kwamba nina "matatizo makubwa ya goti". Nikamwambia hapana, mama, andika unachokiona kila asubuhi. Akaandika kwamba nashuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta, kama mgema anayeshuka mnazi. Kwamba nimeacha kuswali kwa kusujudu, naswali kitini, tangu 2018. Na kwamba usiku naweka mto katikati ya magoti. Mistari kama saba hivi. Jaji wala daktari hawezi kusema hajaelewa.

Mwenzako wa kikosini akiandika, aseme alikuwa wapi, mwaka gani, aliona nini. Mama yako aliye kijijini naye anaweza kueleza ulivyoondoka mzima na ulivyorudi likizo ukichechemea. Aandike kwa Kiswahili chake, kisha weka tafsiri ya Kiingereza pamoja na ile ya asili, na aliyetafsiri atie jina na saini.

Rekodi za daktari wako wa nje ya VA zitaje kwenye fomu 21-4142 ili VA wazifuate, au zichukue uzipeleke wewe mwenyewe, ambavyo ndivyo ninavyopendelea. Na usiwe unatuma karatasi ileile kila wiki. Kila unachopakia lazima mtu akifungue akisome.

Msaada wa bure upo. Mashirika ya maveterani kama DAV, American Legion na VFW yana wawakilishi walioidhinishwa na VA, na kaunti nyingi zina ofisa wao. Hawakutozi kitu. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kulipwa kwa malimbikizo mkishinda, mara nyingi asilimia 20. Ila jihadhari na madalali wanaozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp wakiahidi asilimia 100 kwa malipo ya miezi sita ya fidia yako. Muulize mtu kama huyo swali moja: umeidhinishwa na VA? Atakupa hadithi ndefu.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba cha daktari

Hapa ndipo Waswahili tunapojimaliza wenyewe.

Daktari anaingia, anakuuliza u hali gani. Nawe umelelewa kujibu "nzuri", hata kama umetoka kuzika. Kwetu mtu anaulizwa habari za nyumbani, anasema salama, kisha katikati ya mazungumzo ndipo anaeleza kwamba nyumba imeungua. Daktari huyu hajui utaratibu huo. Umesema uko vizuri, ameandika uko vizuri. Kwenye ripoti yangu ya kwanza kuna sentensi isemayo kwamba mgonjwa anaeleza anaendelea vizuri leo. Ilikuwa salamu! Basi mjibu kwa adabu bila uongo: "Asante kwa kunipokea. Goti linauma leo, na leo ni siku ya afadhali."

Kisha atakuuliza kuhusu maumivu, na hapo Kiingereza kinatuangusha. Kiswahili kina kuchoma, kukeketa, kuvuta, kudunda, kufa ganzi, kunyong'onyea. Ukifika kwake yote yanakuwa neno moja tu la maumivu. Kaa na mwanao anayesoma huko shule, mtafute Kiingereza cha kila moja, uandike kwenye kikaratasi. Hakuna anayekukataza kusoma kikaratasi.

Kwa viungo, atatumia kifaa chenye mikono miwili, kama kipimapembe cha darasani kilichoota miguu. Atakwambia kunja. Askari akiambiwa kunja anakunja mpaka mwisho, meno yameumana, jasho linamtoka, na namba inayoandikwa ni ya mtu mzima. Usifanye hivyo. Kunja polepole, na pale maumivu yanapoanza sema kwa sauti, "hapa yanaanza." Pasipokwenda zaidi bila kuumia, simama. Tangu kesi ya Correia dhidi ya McDonald ya 2016 kiungo hupimwa ukikikunja mwenyewe na akikukunjia yeye, kikiwa kimebeba uzito na kikiwa hakijabeba, na cha upande wa pili kipimwe pia kama ni kizima. Asipofanya, huna haja ya kubishana naye. Ukitoka nje, kabla hujawasha gari, andika nini kilipimwa, nini hakikupimwa, na uliingia na kutoka saa ngapi.

Siku mbaya zina swali lake. Ukikaguliwa siku goti limetulia, daktari bado anatakiwa akuulize linapowaka huwaje, na akadirie unapoteza kiasi gani siku hizo. Hilo liliamuliwa katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin ya 2017. Uwe na majibu yenye namba: mara tatu kwa mwezi, siku mbili kila mara, sishuki kitandani mpaka saa nne asubuhi, nilikosa kazi siku kadhaa mwaka huu. Kama unameza dawa, imeze kama kawaida na umwambie umemeza. Fimbo unayoitumia kila siku njoo nayo. Usiyoitumia iache nyumbani. Kuigiza kunaonekana tangu unaposhuka kwenye gari, na ripoti ikishasema unatia chumvi, hiyo ndiyo inayosomwa na kila afisa baada yake.

Wenye madai ya maradhi ya akili mzigo wao ni mzito zaidi, kwa sababu tumefundishwa kwamba mwanamume halii mbele ya wageni na mwanamke hasemi ya chumbani. Utaulizwa kama uliwahi kufikiria kujidhuru. Sema ukweli. Na kama fikra hizo zipo sasa hivi, dai lingoje: piga 988, bonyeza 1, ni mlango wa maveterani, saa 24.

Mwisho, mrudishe daktari kwenye maswali ya jaji kwa upole. Mimi nilimwuliza tu kama ameiona barua ya Bodi. Aliifungua kwenye kompyuta, akasoma kimya kwa muda, akaniuliza upya habari ya lile lori. Weka pia hesabu ya maili na risiti za safari. Kuna marejesho ya nauli.

Hatua ya 6: Ipate ripoti uilinganishe na maagizo

Usingoje uamuzi. Mwakilishi wako anaweza kuiona ripoti jaladani, au uiombe kwa fomu 20-10206. Ikifika, ichukue ile karatasi ya kwenye friji, uweke vidole viwili: kimoja kwenye swali la jaji, kimoja kwenye jibu la daktari. Swali la kuzidisha limejibiwa? Ameeleza kwa nini, au ameandika tu "hapana"? Ameyataja maelezo ya mkeo?

Likikosekana jibu, waandikie VA mara moja, kabla hawajaamua: agizo namba fulani, aya fulani, halikutekelezwa. Ukurasa mmoja unatosha. Kesi ya Stegall dhidi ya West ya 1998 inakupa haki ya kuona maagizo ya Bodi yametekelezwa, ingawa si lazima kwa ukamilifu wa herufi. Kama daktari amekukatalia kwa hoja, ndipo maoni ya daktari wako mwenyewe yanapohitajika, ila awe amelisoma jalada na aeleze sababu. Barua za kununua, za aya mbili na hitimisho tamu, haziendi mbali.

Kama katika kusubiri huko unafukuzwa nyumba au maradhi yamefika pabaya, jaza fomu 20-10207 ya kuomba dai lisogezwe mbele, na uambatishe ushahidi, kama ilani ya mwenye nyumba.

Hatua ya 7: Uamuzi mpya, na ile bahasha

Chukua bahasha uliyoandika juu yake. Kwenye mfumo wa zamani, wakikukatalia tena jalada hurudi Bodi lenyewe, baada ya kukutumia maelezo na kukupa siku 30 za kujibu. Kwenye mfumo mpya halirudi. Ni uamuzi mpya kabisa, na ukinyamaza imekwisha. Una mwaka mmoja wa kuchagua: fomu 20-0995 ukiwa na ushahidi mpya, 20-0996 kwa mkaguzi wa ngazi ya juu, au 10182 kurudi Bodi. Ukiwahi ndani ya mwaka, tarehe yako ya mwanzo ya malipo inabaki hai hata ukizunguka mara tatu. Ukichelewa unaanza upya, na malimbikizo yote ya nyuma yamekwenda. Kwa viwango vya 2025, askari asiye na wategemezi mwenye asilimia 30 alikuwa akilipwa dola 537.42 kwa mwezi, bila kodi. Zidisha kwa miezi ya mzunguko wako uone ni kiasi gani.

Hata ukikubaliwa, isome. Mimi goti lilikubaliwa, lakini tarehe ya kuanza malipo waliandika ya uchunguzi wa pili, badala ya siku nilipopeleka dai. Nimetuma 20-0996. Tarehe ya mwisho ya mwaka wangu nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni, na mama Amina ananiuliza kila Jumatatu kama wamejibu.